Mpishi niliyemchora mara 19

Mwezi uliopita tulikutana Raskazone, Tanga, sisi tuliomaliza kidato cha nne mwaka 1996. Pilau ilikuwepo, upepo wa bahari ulikuwepo, na vitambi vilikuwepo vya kutosha. Mshereheshaji wetu, ambaye enzi hizo alikuwa kiranja wa bwalo, alishika maiki akanitambulisha kwa wake na watoto: "Mgosi huyu ndiye aliyekuwa mchora vibonzo wa gazeti letu la shule. Alikuwa hamwogopi mtu!" Wakapiga makofi. Nami, aibu yangu naisema mwenyewe, nikasimama nikapunga mkono.

Usiku ule nililala kwa mama, Ngamiani. Chini ya kitanda cha chumba cha uani lipo sanduku la bati nililokwenda nalo bweni, na ndani yake, chini ya shuka iliyoliwa na mende, nikazikuta nakala 23 za gazeti letu. Karatasi zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nikakaa sakafuni nikaanza kuhesabu, maana lile neno "hamwogopi mtu" lilikuwa bado linaniwasha masikioni. Kila toleo lina kibonzo kimoja. Vibonzo 19 ni vya mpishi. Viwili ni vya njuka waliopotea njia ya chooni usiku wao wa kwanza. Kimoja ni cha mashabiki wa Coastal Union na African Sports wanaogombea mwavuli mmoja uwanjani Mkwakwani. Na kimoja, kimoja tu, ni cha mkuu wa shule. Amechorwa kwa nyuma, anaingia ofisini, na hajafanya neno lolote.

Huyo ndiye asiyemwogopa mtu.

Shule yenyewe sitaitaja. Waliosoma pale watajua, na wengine hawatapungukiwa na kitu.

Vijana wanaochora kwa kidole juu ya kioo cha simu huniuliza nilianza na programu gani. Nilianza na stensili. Ni karatasi nyembamba iliyopakwa nta. Unaipiga kwa tapureta iliyoondolewa utepe, herufi zinaichana, kisha unaivisha kwenye mashine ya kudurufu, unazungusha mkono wa mashine, na wino unapenya pale tu palipochanwa. Kuchora juu yake kunataka subira ya mvuvi. Ipo kalamu yake maalumu ya chuma, lakini mimi sikuwa nayo. Nilitumia biki iliyokwisha wino, stensili nimeilaza juu ya kipande cha kioo cha dirisha, tochi chini yake. Ukikandamiza mno, inararuka. Ukilegeza mkono, mstari hautoki. Ukikosea, unaziba kwa dawa yenye harufu ya rangi ya kucha, na dawa ikiisha unaazima rangi ya kucha yenyewe kwa dada wa mtu.

Mtego mkubwa ulikuwa duara. Ukichora duara ukalifunga, kati yake panadondoka, na kwenye karatasi unapata doa jeusi pale ulipotaka jicho. Kwa hiyo watu wangu wote walikuwa na macho yaliyoachwa wazi upande mmoja, kama herufi C. Mwalimu wa Kiswahili aliwahi kutuambia darasani kwamba macho yale yamejaa mshangao, na kwamba mimi nina jicho la kuona watu. Sikumwambia kuwa ni stensili. Weusi mzito nao haukuwezekana, maana ukijaza sehemu kubwa unatoboa, basi nikazoea kutia kivuli kwa mistari myembamba iliyolala. Mpaka leo wahariri wanakiita hicho mtindo wangu, nami nawaacha waite.

Mashine ilikaa katika chumba chenye kufuli mbili, kwa sababu mitihani ilidurufiwa humo humo. Wiki za mitihani gazeti lilikufa, likafufuka baadaye. Rimu moja ya karatasi 500 ilitupa nakala 250 za karatasi mbili mbili, na hizo ziligombewa kama mkate.

Tulikuwa watoto wa Sani, lile gazeti la vibonzo. Ndumilakuwili, Madenge na Kipepe walizunguka bweni zima mpaka kurasa zikawa laini kama kitambaa. Baba zetu kabla yetu walikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Kwa hao nilijifunza kwamba mhusika anataka jina linalotafunika mdomoni. Wangu nikamwita Bwana Ukoko.

Bwana Ukoko alikuwa na tumbo, aproni yenye viraka na upawa mrefu kuliko mkono wake. Katika kibonzo cha kwanza kabisa, mwanafunzi anamnyooshea sahani akisema, "Mzee, maharage yana wadudu." Ukoko anachungulia, anahesabu, anamjibu: "Wawili kwako, wawili kwa mwenzako. Mimi sina upendeleo." Bwalo lilivunjika. Wiki mbili nzima mtu akipewa chochote, hata kalamu, alijibiwa "mimi sina upendeleo." Ukishaonja kitu kama hicho ukiwa na miaka 15, unarudi palepale kama nzi kwenye embe. Nilirudi mara 18.

Mpishi mwenyewe, yule wa kweli, alinishika siku moja dirishani pa bwalo. Nilikuwa wa mwisho kwenye foleni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie. Huyu wa gazetini ndiye mimi?"

"Hapana, babu. Ni mtu tu."

"Ah. Maana lile tumbo lilinitia mashaka." Akacheka. Akaniongezea upawa wa maharage.

Ipo hoja ya kunitetea, na si hoja nyepesi. Kwa mtoto mwenye njaa, mwenye upawa ni serikali. Yeye ndiye anayeamua mchuzi mzito uende kwa nani na maji ya juu yaende kwa nani. Tulimwona mara tatu kwa siku, na mkuu wa shule tulimwona paredi Jumatatu. Mchoraji huchora anachokiona. Hivyo ndivyo nilivyojieleza miaka yote, na nilijieleza hivyo tena usiku ule nikiwa sakafuni kwa mama.

Lakini tulijua. Hapo ndipo pananiuma. Hakuna aliyedhani kwamba yule mzee huwafuga wadudu nyumbani kwake akaja nao asubuhi. Maharage yalikuja kwa gari la mzabuni, na sisi wenyewe, siku za adhabu, ndio tuliobeba magunia mpaka stoo. Tuliona unga wa maharage yaliyotobolewa ukimwagika gunia linapotua. Tuliona ni nani anayesaini karatasi ya mapokezi bila kufungua gunia hata moja, na ufunguo wa stoo haukukaa kwa mpishi. Mpishi alipimiwa. Alipewa debe alilopewa, akachambua alichoweza kuchambua kwa watoto mia kadhaa, akapika.

Nilikichora hicho kibonzo, mara moja. Visanduku vitatu: gari linafika, kalamu inasaini, Bwana Ukoko amekabidhiwa gunia linalotembea lenyewe kwa miguu ya wadudu. Nilikipenda kuliko vyote. Mlezi wa gazeti, mwalimu mpole ambaye sina ugomvi naye, alikitazama muda mrefu, akakirudisha mezani. Hakukasirika. Alisema tu, "Hiki kitatuletea maneno. Huna kingine cha mpishi?"

Nilikuwa nacho kingine cha mpishi baada ya saa moja. Ukoko anaanguka ndani ya sufuria. Hiki kimo kwenye sanduku, toleo la 14, na ndicho wenzangu walichokuwa wakikisimulia Raskazone huku wakijishika mbavu. Kile cha gunia hakimo, maana stensili yake niliichana mwenyewe, nikihofia isije ikaonekana na mtu.

Hatukuwa wa kwanza Tanga kuchapisha gazeti chini ya mkono wa mwalimu. Gazeti la Kiongozi, mojawapo ya magazeti ya mwanzo ya Kiswahili bara, lilichapwa katika shule ya serikali ya Wajerumani hapahapa Tanga tangu miaka ya mwanzo ya karne iliyopita hadi 1916, wakati wa vita. Waliojua kusoma na kuandika walipeleka humo habari na mashairi kutoka sehemu mbalimbali za koloni. Wahariri walikuwa walimu wa Kijerumani, na mwenye mashine ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho. Miaka yetu sisi, magazeti makubwa yalikuwa chini ya Sheria ya Magazeti ya 1976, iliyompa waziri uwezo wa kulifungia gazeti. Gazeti la shule halikuhitaji sheria. Lilihitaji swali moja la upole: huna kingine cha mpishi?

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na najua kuna walimu wa klabu za uandishi watakaonuna. Tunasifu mno magazeti ya wanafunzi kwamba yanafundisha ujasiri. Letu lilinifundisha kinyume chake, tena vizuri sana. Lilinifundisha kwamba kicheko kinapatikana kwa bei rahisi zaidi ukimchora mtu asiyeweza kukufanya lolote, na kwamba watu watakuita jasiri vilevile, kwa sababu wanapocheka hawaangalii aliyechekwa amekaa ngazi ya ngapi. Sikukatazwa kuchora. Nilipewa uhuru wote, ila kuelekea chini.

Na ukishazoea kuelekea chini, shingo inakaa hivyo. Nimechora magazetini Dar es Salaam miaka mingi baada ya hapo. Konda wa daladala nimemchora akining'inia mlangoni. Mama ntilie nimemchora na moshi wake. Mgambo na rungu anayemkimbiza machinga nimemchora mpaka mkono unamchora peke yake. Ni vibonzo vinavyochekesha, sivikani. Ila aliyekaa ofisini akasaini vibanda vivunjwe, sidhani kama nimewahi kumchora, na ukiniambia nimchore leo sijui nianzie wapi, maana sijawahi kujisumbua kumtazama. Kuna siku mgambo mmoja alinitambua Kariakoo akaniuliza, bila hasira, kama nadhani lile rungu ni lake. Sikumwelewa wakati ule. Nilidhani anazungumzia rungu.

Siwaambii vijana waache kumchora mpishi. Mpishi anachekesha, na wapo wapishi wezi kweli, sukari inapita uzio wa nyuma kila jioni. Ninachowaomba, mchoraji kabla hajagusa karatasi aulize ufunguo wa stoo unakaa kwa nani. Akishajua, amchore anayemtaka, lakini asijidanganye. Na walezi wa magazeti, kama hamwezi kupitisha kibonzo cha gunia, basi kizuieni na kile cha mpishi kuanguka sufuriani. Acheni nafasi tupu. Nafasi tupu kwenye gazeti la shule inasomwa na watoto wote, na kila mmoja anaijaza mwenyewe.

Kuna jambo sijalisema. Mpishi alikuwa na mtoto pale shuleni. Aliingia kidato cha kwanza nikiwa cha tatu, wa kutwa, mfupi, anakuja na baiskeli iliyomzidi kimo. Kabla ya wiki kwisha alikuwa ameshaitwa Ukoko Mdogo, na jina hilo alikaa nalo mpaka alipomaliza. Sikumwita hivyo hata mara moja. Sikuwa na haja, nilikuwa nimeshalichapa nakala 250.

Siku hizi ana duka la spea za baiskeli, mitaa michache tu kutoka kwa mama. Asubuhi ya pili nilikwenda na nakala tano kwenye bahasha. Sikuwa na hotuba. Nilimwambia, "Ndugu yangu, hizi ni za mzee wako, nimeona zikae kwako." Alifuta grisi mikononi kwa kitambaa, akazitandaza juu ya meza ya kioo yenye mapete na minyororo, akazisoma moja moja bila haraka, mteja mmoja akimsubiri. Nilimkodolea macho nione atakunja uso wapi. Hakukunja. Penye "mimi sina upendeleo" alicheka kweli, kama baba yake, mabega yakipanda.

Kisha akaweka kidole juu ya upawa.

"Hapa umekosea," akasema. "Mzee alikuwa mashoto. Upawa alishika kushoto, sahani yako akaipokea kwa kulia, ili akurudishie kwa mkono wa kulia. Hukuwahi kuona?"

Nikazivuta zile nakala upande wangu nikazitazama, zote tano. Nikarudi kwa mama nikalifungua sanduku, nikazitazama na 14 zilizobaki.