Majimbo yanayoyumba Marekani: kweli kuna mtu anaweza kuyatabiri?

2028 bado, lakini watu washaanza kupaka ramani rangi, nyekundu kwa Republican bluu kwa Democrat, na kila mtu anakwambia kwa uhakika kabisa Pennsylvania itaenda wapi na Georgia itaenda wapi. Mi nimeufuatilia huu mjadala kwa muda sasa na naona kuna kambi mbili zinazobishana, na zote mbili zina hoja, ila naona zote mbili zinabishania swali ambalo limekaa vibaya tangu mwanzo.

Kwanza kwa wale ambao hawafuatilii sana. Tanzania mwenye kura nyingi ndo rais, Kenya lazima uvuke nusu, Marekani sio hivyo. Kule kuna kura 538 za wajumbe, yaani watu wanaomchagua rais kwa niaba ya majimbo yao, zimegawanywa kwa majimbo, ukifika 270 umemaliza, na karibu kila jimbo aliyeshinda hata kwa kura chache anabeba zote, ni Maine na Nebraska tu ndo wanagawana. Sasa California inajulikana itaenda wapi, Wyoming inajulikana, kwahiyo 2024 kazi nzima ikabaki kwenye majimbo 7: Pennsylvania, Georgia, North Carolina, Michigan, Arizona, Wisconsin na Nevada, jumla kura 93. Kamala Harris, mgombea wa Democrat, nje ya hayo alikuwa na 226. Ongeza Pennsylvania 19, Michigan 15 na Wisconsin 10 unapata 270 kamili, haizidi hata moja. Alivyopoteza yote saba Trump wa Republican akamaliza na 312.

Sasa uone hizo tofauti zinavyokuwa ndogo. 2020 Biden wa Democrat alimzidi Trump kwa zaidi ya kura milioni 7 nchi nzima, lakini Georgia alishinda kwa kura 11,779, Arizona 10,457, Wisconsin kama 20,700. Hizo tatu ukizijumlisha hazifiki hata 43,000, na zingeenda kwa Trump matokeo yangekuwa 269 kwa 269, yaani sare, na rais angeamuliwa na Bunge la Wawakilishi. Watu zaidi ya milioni 150 wamepiga kura halafu hatima iko kwa watu ambao uwanja mmoja mkubwa wa mpira unawatosha!

Kambi ya kwanza wanasema inatabirika, we fuata namba. Hawa ni watu wa kura za maoni na modeli za takwimu, na mi naona wanaonewa mara nyingi kuliko wanavyostahili. Mwaka 2016 kila mtu anakumbuka kwamba "wote walikosea", ila FiveThirtyEight, tovuti ya utabiri ya mtakwimu Nate Silver, ilimpa Trump nafasi ya karibu asilimia 29, na asilimia 29 sio kitu kidogo, ni karibu mara moja kwenye kila mara tatu. Waliopotoka ni wale waliompa mpinzani wake Hillary Clinton asilimia 98, na kuna profesa wa Princeton, Sam Wang, alikuwa ameahidi kula mdudu Trump akivuka kura 240 za wajumbe, na kweli akamla kwenye televisheni. Halafu 2024 kura za maoni za mwisho kwenye majimbo yale saba zilikosea kwa pointi kama 2 au 3 tu, na modeli nyingi ziliishia kusema pasu kwa pasu. Watu walikasirika, wakasema sasa hiyo ni utabiri gani. Lakini kama ukweli wenyewe ni pasu kwa pasu, ulitaka akudanganye?

Shida ni kwamba wengi hatujui kura ya maoni ina uwezo gani. Ukihoji watu 800 Wisconsin, kila namba ina makosa ya kama pointi 3 na nusu juu au chini, na tofauti kati ya wagombea wawili inaweza kupotea kwa karibu mara mbili ya hapo. Hata ukihoji watu 10,000, ambao hakuna anayewahoji kwa jimbo moja, bado una pointi 1 hivi ya makosa kwa kila mgombea. Georgia 2020 iliamuliwa kwa robo ya pointi. Hakuna kifaa cha namna hiyo cha kupima kitu kidogo kiasi hicho, na anayekwambia anacho anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kambi ya pili wanasema achana na namba, hizo kura za maoni zimekufa. Na hawa nao hawaongei hewani. Mwishoni mwa Oktoba 2020 kura ya maoni ya ABC na Washington Post ilimpa Biden pointi 17 mbele Wisconsin, akaja kushinda kwa pointi 0.6. Pointi 17! Hiyo haielezeki kwa bahati mbaya ya sampuli. Chanzo kinajulikana, watu hawapokei simu. Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, walisema mwaka 1997 kwenye kila watu 100 waliopigiwa 36 walikubali kuhojiwa, 2018 ikawa 6. Na wale 6 wanaokubali hawafanani na wale 94 wanaokata, wanaokubali wamesoma zaidi na wanaamini taasisi zaidi, na wafuasi wa Trump wengi wao wako upande wa wanaokata. 2016 makampuni mengi ya kwenye majimbo hayakusawazisha sampuli zao kwa kiwango cha elimu, ndo maana Michigan na Wisconsin ziliwapiga chenga. Wakasawazisha 2020, ikawa mbaya zaidi! Chama chao cha wataalamu chenyewe kilikiri kwamba yalikuwa makosa makubwa zaidi ndani ya miaka 40.

Hapo kambi ya pili wanashangilia, ila ngoja. 2022 uchaguzi wa Kongresi wachambuzi wengi wa televisheni walisema linakuja wimbi jekundu, wakiegemea historia na bei ya mafuta na hisia za mtaani, wakati kura za maoni nyingi nzuri zilisema mbona ni karibu sawa. Wimbi halikuja. John Fetterman wa Democrat alishinda useneta Pennsylvania kwa kama pointi 5, Gretchen Whitmer, naye wa Democrat, akashinda ugavana Michigan kwa zaidi ya 10. Kwahiyo namba zinapotoka sana Trump mwenyewe anapokuwa kwenye karatasi, asipokuwepo zinakaa sawa. Hilo mi naona ni la msingi sana kwa 2028, maana katiba hairuhusu achaguliwe tena, na wale wapiga kura wanaotoka nyumbani kwa ajili yake tu hatujui kama watatoka kwa ajili ya mtu mwingine. Anayeongeza pointi 3 kwa Republican kwa mazoea ya 2016, 2020 na 2024 anaweza kuchana mkeka vibaya.

Kuna kisa cha Iowa, nakirudia kila mara. Ann Selzer, mwanamama aliyekuwa akiendesha kura ya maoni ya gazeti la Des Moines Register, alikuwa anaheshimika kuliko karibu wote, 2016 alisema Trump yuko mbele kwa 7 na 2020 akasema tena 7, wakati wengine wanaonyesha mambo yamekaribiana, na mara zote mbili Trump akashinda vizuri. Njia yake ilikuwa rahisi, anapiga simu, anawasikiliza, hachezei data kwa kuangalia mtu alimpigia nani mara iliyopita. Siku tatu kabla ya uchaguzi wa 2024 akatoa Harris 47, Trump 44. Dunia nzima ikasimama. Trump akashinda Iowa kwa pointi 13. Njia ileile, mtu yuleyule, mara mbili ikapatia na mara ya tatu ikaanguka kwa pointi 16. Ila mi namheshimu kwa jambo moja, alichapisha alichokipata. Mwaka ule kwenye majimbo saba kura za maoni zilikuwa zinafanana kupita kiasi, moja juu moja chini, sare, moja juu, mpaka Nate Silver akasema kitakwimu haiwezekani, haya makampuni yanaangalia jirani katoa nini ndo na yeye atoe. Hofu ya kukosea peke yako ikawafanya wafiche data zao, na hiyo ni hasara kubwa kuliko ya Selzer, maana ya kwake ilionekana wazi na ikakosolewa wazi.

Wapo pia wa kubeti. Kwenye Polymarket, soko la mtandaoni la kubeti matukio, Mfaransa mmoja aliweka mamilioni ya dola kwa Trump akavuna mamilioni zaidi, na alichofanya ni kuagiza kura ya maoni yake binafsi ambayo haiulizi "utampigia nani" bali "majirani zako watampigia nani". Akili sana hiyo, mtu anayeona aibu kusema la kwake anasema la jirani. Sasa watu wanasema basi soko ndo linajua. Lakini masoko hayohayo 2022 yaliamini Republican wanachukua Seneti na hawakuchukua. Mtu mmoja kushinda dau moja sio ushahidi wa njia nzima.

Na wale wa "ukiona kaunti fulani imeenda huku basi nchi imeenda huku", hapana jamani. Missouri ilimpa kura mshindi karibu kila uchaguzi kwa miaka 100 kuanzia 1904, leo hakuna anayeipigia hata kampeni. Ohio haikukosea toka 1964 mpaka 2016, ikakosea 2020. Kaunti ya Vigo kule Indiana nayo hivyohivyo, 2020 ikaanguka.

Sasa ninachosema mimi. Tunauliza jimbo moja moja kana kwamba kila moja linaamua kivyake, wakati majimbo haya yanatembea pamoja. Pennsylvania, Michigan na Wisconsin zimeenda upande mmoja kwenye kila uchaguzi wa rais toka 1992, hazijawahi kutengana hata mara moja. Sababu sio muujiza, fundi wa kiwandani asiye na digrii pale Erie, Pennsylvania, na mwenzake wa Kenosha, Wisconsin, wananunua mayai kwa bei moja na wanasikiliza podikasti zilezile, akigeuka mmoja na mwingine kageuka. Ndo maana 2024 watu waliposema "haiwezekani achukue yote saba" walikuwa wanahesabu kama kurusha sarafu saba, na modeli zenyewe zilikuwa zinasema wazi kwamba yote saba kwenda upande mmoja ni kitu kinachotokea mara nyingi tu. Ukijua nchi imesogea pointi ngapi umejua karibu yote, na ukikosea hapo umekosea saba kwa mpigo.

Karibu yote, sio yote. Dearborn, Michigan, mji wenye Waarabu wengi, 2020 ulimpa Biden karibu asilimia 70. Ikaja vita ya Gaza, Februari 2024 kwenye kura za mchujo za Democrat watu zaidi ya 100,000 jimbo zima wakachagua alama ya kwamba hawamuungi mkono yeyote aliyepo, na Novemba Trump akaongoza mjini Dearborn kwa kama asilimia 42, Harris 36, Jill Stein wa chama kidogo cha Green akachukua 18. Hakuna modeli iliyohitaji simu kuliona hilo, lilitangazwa miezi kama minane kabla kwa sanduku la kura. Na usiku uleule North Carolina ilimpa Trump ushindi wa pointi 3 halafu ikampa Josh Stein wa Democrat ugavana kwa karibu pointi 15. Arizona, Nevada, Michigan na Wisconsin zote zilienda kwa Trump na zote zikachagua seneta wa Democrat. Kwahiyo anayesema Arizona sasa ni nyekundu hajaangalia karatasi nzima.

Hili jambo linanigusa na sio kwa ushabiki. Tarehe 20 Januari 2025, siku ileile ya kuapishwa, Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje, na zahanati zinazotoa dawa za ARV Afrika Mashariki zikaingia kwenye kimbembe ndani ya siku chache. Watu ambao hawana kura walikuwa wanategemea kura za Wisconsin, na Wisconsin ilipitishwa kwa tofauti ya kama 29,000. Ukiwa na shirika au zahanati au biashara inayotegemea Washington, mtu akikuletea utabiri wa "Harris anachukua" au "Trump anachukua" ukapanga bajeti upande mmoja tu, kakuumiza. Pasu kwa pasu inaudhi, ila ingekufanya uandae mipango miwili.

Mi nikitaka kujua mapema nasubiri usiku wenyewe, na siangalii Pennsylvania kwanza, maana sheria yao hairuhusu kuanza kushughulikia kura za posta kabla ya saa 1 asubuhi ya siku ya uchaguzi, ndo maana 2020 walipiga kura Jumanne na mshindi akatangazwa na vyombo vya habari Jumamosi. Naangalia kaunti inayomaliza kuhesabu haraka hata kama iko jimbo ambalo halina ushindani. 2024 ilikuwa Loudoun, Virginia, vitongoji vya watu wenye kipato na elimu karibu na Washington. Biden aliichukua kwa kama pointi 25. Kura zilipokaribia kuisha mapema usiku ule Harris alikuwa mbele kwa kama 16. Ameshinda kaunti vizuri tu, lakini kapoteza pointi 9 sehemu ambayo ilitakiwa iwe ngome yake, na kama Loudoun imesogea hivyo basi kaunti za Bucks na Erie kule Pennsylvania hazikuwa na pa kujificha. Saa kadhaa kabla Wisconsin haijamaliza jibu lilikuwa limeshakaa pale kwenye kaunti ambayo hakuna aliyeiweka kwenye ramani yake.