Treni ya Saa Moja Asubuhi Iliyoponea Chupuchupu Kwenda London Tupu

Wiki iliyopita nilimsindikiza mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Manchester hadi stesheni ya Piccadilly, akapande treni ya saa moja asubuhi kwenda London kushughulikia pasipoti ya mjukuu wake ubalozini. Alikuwa ameikumbatia bahasha ya kaki yenye cheti cha kuzaliwa na picha za mtoto, na kila baada ya dakika chache aliifungua kuhakikisha kwamba hakuna kilichodondoka. Tulifika mapema, giza la majira ya baridi likiwa bado limetanda, na treni ilikuwa imekwisha kusimama jukwaani, taa za mabehewa zikiwaka na vioo vikiwa na ukungu. Aliketi upande wa dirisha, akafuta kioo kwa ncha ya mtandio, akanipungia mkono, na saa moja kamili treni ikaondoka. Mimi nilibaki pale na hasira iliyokuwa imetulia tangu Novemba 2025 ikanirudia upya, kwa sababu treni hiyohiyo, katika saa hiyohiyo, ilikuwa imekwisha kuamuliwa kwamba iende London bila abiria hata mmoja.

Wanaofuatilia habari za hapa wanalikumbuka jambo lenyewe. Kwa ratiba iliyoanza katikati ya Desemba 2025, ORR, mdhibiti wa reli wa Uingereza, ilikataa kuipa kampuni ya Avanti West Coast haki ya kubeba abiria katika treni hiyo kwa muda wa miezi mitano, hadi ratiba itakapobadilishwa tena mwezi Mei. Lakini treni yenyewe ilihitajika London kwa safari nyingine za siku hiyo, kwa hiyo ingeondoka Manchester kama kawaida, ikiwa na dereva na wahudumu wake, na kupita njia ileile hadi stesheni ya Euston jijini London, isipokuwa milango yake isingefunguliwa kwa mtu. Tunazungumzia treni ya haraka kuliko zote za siku kati ya miji hii miwili, inayotumia saa moja na dakika 59, na ambayo tiketi ya bei kamili ya kwenda tu ilikuwa pauni 193. Gazeti la The Guardian lilipoiandika habari hiyo watu walishtuka, wanasiasa wakapaza sauti, na katika muda mfupi mdhibiti akautengua uamuzi wake.

Yule mama aliposikia habari hizo kwa mara ya kwanza, tulikuwa jikoni kwake tukinywa chai. Alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe mezani, akaniuliza: “Mwanangu, kwa hiyo itakuja, itasimama mbele yetu, itaondoka, na sisi tumesimama palepale?” Nikamjibu, “Ndiyo, mama, ndivyo walivyoamua.” Akanyamaza kwa muda, kisha akauliza swali la pili: “Na hao walioamua, walijua kwamba itapita?”

Swali hilo la pili ndilo lililonifanya niandike makala hii, kwa sababu kwa maelezo ya mdhibiti mwenyewe, jibu lake ni kwamba hawakulijua jambo hilo kikamilifu.

Kabla ya kufika huko, sina budi kukiri, ingawa kwa shingo upande, kwamba msingi wa uamuzi ule haukuwa wa kipuuzi. Reli ya West Coast Main Line, ambayo treni hiyo huipita hadi London, imebanana mno. Treni za mwendo kasi, treni za vituo vya karibu na treni za mizigo zote zinagombea njia zilezile, na treni moja ikichelewa kwa dakika nne karibu na London, ucheleweshaji huo husambaa hadi jioni, mpaka mtu wa Preston ambaye hajui lolote lililotokea asubuhi anakosa basi lake la mwisho. Kwa sababu hiyo wapangaji wa ratiba huacha kwa makusudi mapengo ambayo hayapewi treni yoyote, ili mambo yanapoharibika pawe na mahali pa kupumulia. Network Rail, shirika la umma linalomiliki njia, lilimweleza mdhibiti kwamba kuyajaza mapengo hayo kungeharibu utendaji wa reli nzima. Mwezi Julai 2025 mdhibiti huyohuyo alikuwa amezikatalia kampuni tatu, Virgin, Lumo na WSMR, zilizoomba kuanzisha safari mpya katika reli hiyo, na sababu ilikuwa ileile ya ukosefu wa nafasi. Asingeweza kuzikatalia hizo kisha akafumba macho kwa kampuni nyingine, na katika hilo namwelewa.

Lakini treni ya saa moja haikuwa safari mpya. Ilikuwa tayari inabeba watu. Na ikiwa ingeendelea kupita katika pengo lilelile, kwa mwendo uleule, hadi stesheni ileile, basi pengo lingejaa vilevile, na tofauti pekee ingekuwa viti mamia vilivyo wazi. Nimeisoma hoja kwamba treni tupu ni rahisi kuizuia pembeni au kuibadilishia njia mambo yanapoharibika, kwa kuwa hakuna abiria atakayeumia. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo ni mdogo mno kulinganishwa na hasara ya kuwaacha mamia ya watu jukwaani kila asubuhi ya kazi kwa miezi mitano.

Alipoutengua uamuzi wake, mdhibiti alieleza kwamba baada ya kuzichunguza upya taarifa za Network Rail amebaini kuwa treni ingefika hadi Euston ikiwa na wafanyakazi wake kamili, jambo ambalo hakulielewa hivyo alipoamua mara ya kwanza. Naomba msomaji aisome tena sentensi hiyo polepole. Ofisi yenye wataalamu, wanasheria na mamlaka iliyopewa na Bunge chini ya Sheria ya Reli ya mwaka 1993 iliamua hatima ya treni bila kuwa na uhakika wa mahali treni yenyewe itakapokuwa baada ya uamuzi huo. Haki ya kubeba abiria ilikuwa karatasi moja, na mwendo wa mabehewa ulikuwa karatasi nyingine, na hapakuwa na mtu aliyeziweka karatasi hizo mbili mezani kwa pamoja na kuuliza: tukikataa, chuma hiki kinakwenda wapi saa moja asubuhi? Hata hivyo ili treni itembee lazima pawepo dereva aliyepangiwa zamu, pawepo wahudumu, na pawepo mtu wa kuweka ishara njiani. Ujuzi ulikuwepo, tena kwa wingi, ila ulikuwa kwa watu ambao utaratibu wa uamuzi haukuwafikia.

Nasema haya nikiwa mtoto wa Tabora, mahali ambapo reli hugawanyika, moja ikaelekea Kigoma na nyingine Mwanza, na ambapo tangu utotoni tulijifunza kwamba ratiba si kitu cha ofisini. Stesheni ilikuwa na ubao, na chini ya ubao palikuwa na watu wenye mizigo, wenye wagonjwa, wenye watoto mgongoni, na saa iliyoandikwa pale ilikuwa ahadi kwao. Anayeibadilisha ahadi hiyo anapaswa kuwa na taswira ya watu waliosimama chini ya ubao.

Na hapa naona kasoro si ya mwaka 2025 peke yake. Tarehe 20 Mei 2018 ratiba mpya ilianza kutumika huku kaskazini na pia katika maeneo ya London na kusini, na karibu kila kitu kikaporomoka. Kazi ya kuweka umeme katika njia ya Manchester kwenda Preston kupitia Bolton ilikuwa imechelewa, kwa hiyo wapangaji walilazimika kuiandika upya ratiba kwa haraka kubwa, na siku ilipofika madereva hawakuwa tayari na treni zikafutwa kwa mamia kila siku. Tarehe 4 Juni kampuni ya Northern iliondoa treni 165 kwa siku ili angalau zilizobaki ziaminike, na njia ndogo ya Windermere ikabaki na mabasi tu kwa wiki mbili. Uchunguzi ulioongozwa na Stephen Glaister, ambaye wakati huo alikuwa mwenyekiti wa ORR yenyewe, ulihitimisha kwamba hakuna aliyeshika usukani. Kila chombo kilikuwa kimetimiza sehemu yake na kudhani kwamba chombo kingine kinaiangalia picha nzima. Miaka saba baadaye nimeikuta dhana hiyohiyo imekaa palepale, safari hii ndani ya treni moja.

Nampongeza mdhibiti kwa kurudi nyuma haraka, kwa maana nimeona ofisi nyingi zinazong'ang'ania kosa kwa kuogopa aibu. Kinachoniumiza ni njia iliyomfikisha huko. Treni ya saa moja ina abiria wenye sauti: wafanyabiashara, wanasheria, watu wanaofahamiana na waandishi wa habari. Ilipoguswa tu, ikawa habari ya magazetini. Sasa mfikirie msafisha ofisi anayepanda treni ya mabehewa mawili kutoka kituo kidogo huko Lancashire saa kumi na moja alfajiri. Treni yake ikiondolewa katika ratiba, hakuna gazeti litakalokuja, na ataanza kuamka saa tisa usiku ili awahi basi, akiamini kwamba waliokata shauri walikuwa na sababu nzito asiyoweza kuielewa. Huenda nayo iliamuliwa kwa karatasi mbili zisizokutanishwa. Kama kinachosahihisha makosa ni kelele, basi asiye na sauti atabaki na kosa lake. Kwetu Tanzania, LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, hukusanya maoni ya wadau hadharani kabla ya kupitisha nauli, na nimewahi kumwona mzee wa kawaida akishika kipaza sauti na kusema linalomuumiza mbele ya wakubwa. Hilo ni la nauli, si la ratiba, na si kila linalosemwa pale husikilizwa, lakini angalau kiti cha abiria kimewekwa chumbani kabla ya uamuzi.

Hapa Uingereza mlango wa kuliweka jambo hili sawa uko wazi sasa. Muswada wa Reli uliowasilishwa Bungeni Novemba 2025 unakusudia kuhamishia kwa Great British Railways, shirika jipya la umma la reli, kazi ya kuamua nani atumie njia na lini, na kumwachia ORR kazi ya kusikiliza rufaa. Chombo kimoja kitamiliki njia, kitaendesha treni nyingi, na kitaamua ratiba. Huenda karatasi zile mbili sasa zitakutana, nami natamani iwe hivyo. Lakini rufaa inayosikilizwa kwa ajili ya kampuni za treni peke yake haitamfikia msafisha ofisi wa Lancashire.

Kwa hiyo nimemwandikia mbunge wangu. Nimemwomba apendekeze kifungu kinachotaka kila uamuzi wa kuondoa treni ya abiria utangazwe kabla haujaanza kutumika, ukiambatana na maelezo ya lugha nyepesi ya treni yenyewe itakwenda wapi na abiria wake watasafiri kwa njia gani, na kwamba abiria wapewe muda wa kujibu. Barua hiyo nimeianza na maswali mawili yaliyoulizwa jikoni, kwa maneno yaleyale aliyoyatumia yule mama.