Likasi ya Filamu na Likasi ya Mjomba

Mjomba wangu alikulia Likasi, mji ambao katika makaratasi ya Wabelgiji uliitwa Jadotville, na jina hilo likadumu hadi mwaka 1966. Juzi alikuja Lubumbashi kutibiwa goti, akalala kwangu wiki mbili, na jioni moja, baada ya bukari na tomsoni, nikamwekea The Siege of Jadotville. Ni filamu ya mwaka 2016. Inasimulia jinsi kompania ya askari wa Ayalandi, watu 150 na ushei waliovaa kofia za bluu za Umoja wa Mataifa, walivyozingirwa Likasi kuanzia tarehe 13 hadi 17 Septemba 1961 na majeshi ya Katanga, jimbo letu, ambalo Moïse Tshombe alikuwa amelitenga na Kongo. Hata dakika kumi hazijapita, mzee akainua kidole.

“Mpwa wangu, hiyo si Likasi. Vilima vya kwetu havisimami hivyo.”

Alikuwa sahihi. Filamu ilipigwa Afrika Kusini. Nikaanza kumhesabia: Raoul Peck alipotengeneza Lumumba, iliyotoka mwaka 2000, alikwenda kupiga picha Zimbabwe na Msumbiji. Filamu ya Kifaransa ya mwaka 1980 kuhusu wanajeshi walioshuka kwa miavuli Kolwezi mwaka 1978 ilipigwa Guyana ya Ufaransa, ng’ambo ya Atlantiki. Na Dark of the Sun ya mwaka 1968, ile ya mamluki wa Kongo, treni yake inakata mbuga Jamaika. Ukitaka kuiona nchi yetu ikipigana kwenye sinema, andaa pasipoti yenye kurasa nyingi.

Mjomba alicheka. Mimi udongo wa kuazima haunisumbui sana. Kinachonisumbua ni watu.

Nianze na mazuri, kwa sababu yapo. Filamu nyingi za vita humpenda kamanda anayekufa na bendera mkononi. Hii inampenda kamanda aliyesalimu amri. Pat Quinlan aliwachimbisha vijana wake mahandaki mapema, na shambulio lilipoanza asubuhi, wengi wakiwa kwenye misa ya uwanjani, kila mtu alikuwa na shimo la kurukia. Wakapigwa makombora. Ndege moja ya Katanga aina ya Fouga ikawashukia juu yao. Wenzao waliotumwa kuwaokoa wakakwama kwenye daraja la Lufira. Maji yakaisha, risasi zikaisha, naye akaweka silaha chini. Watano walijeruhiwa, hakufa hata mmoja. Waliporudi kwao walitazamwa kama waoga, na ilichukua zaidi ya miaka 40 kabla ya heshima yao kurudishwa. Kwa kijana wa mji huu anayedhani uanaume ni kufa, filamu inayothubutu kusema kwamba Quinlan hakukosea ni ya kutazamwa hata mara mbili.

Mjomba alipenda zaidi yale mahandaki. “Huyo ni mtu wa akili,” alisema. “Anachimba mtaro kabla ya mvua.”

Sasa mabaya. Katika filamu hii adui ni wimbi. Askari wa Katanga wanatoka kwenye majani, wanaanguka. Wengine wanatoka palepale, wanaanguka. Kiongozi wa mamluki, Mfaransa, ana jina, ana dharau yake, ana hata namna yake ya kusimama. Mweusi anayepewa maneno ya maana ni Tshombe, na Tshombe hayuko kwenye majani. Waliokufa upande wa Katanga hukadiriwa kuwa mamia, lakini filamu haimpi hata mmoja wao nusu dakika ya kuwasha sigara.

Na kuna jambo ambalo mtu wa hapa hawezi kuliacha lipite. Wiki hizohizo, hapa Lubumbashi, wakati huo ikiitwa Elisabethville, makumi ya maelfu ya Waluba walikuwa wamejazana kambini chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa, wakiwakimbia watu wa Tshombe. Mtazamaji wa filamu hatajua kwamba Wakatanga wenyewe walikuwa wamegawanyika, kwamba Waluba wa kaskazini waliikataa Katanga ya Tshombe na kupigana nayo. Hatajua pia kwamba Waayalandi tisa waliouawa Niemba Novemba 1960 waliuawa na wapiganaji hao wa Kiluba, si na majeshi ya Tshombe. Vita vyetu vilikuwa na pande nyingi, nayo sinema ikikutana na pande nne hutafuta mbili za kutupa.

Nilipomwambia hivyo mjomba alinitazama kama mtoto anayesumbua mkutano. “Mtu aliye ndani ya shimo anaona nini? Anaona majani yanatikisika. Unataka kwanza aulize jina la anayempiga?”

Ni hoja nzito, sitaipuuza. Hadithi ya kikosi kimoja ina haki ya kuwa na macho ya kikosi kimoja. Ikianza kumweleza kila mtu, inageuka somo la historia, na somo hilo lina mahali pake, lina ubao na kengele. Tena Waayalandi walitengeneza filamu ya baba zao waliosahauliwa. Nani aliwanyima Wakatanga kutengeneza ya kwao? Jibu la haraka ni pesa. Jibu la polepole ni kwamba bado hatujakubaliana babu zetu wa mwaka 1961 walikuwa nani: wapigania uhuru wa jimbo, au watu waliotumiwa na kampuni za madini. Filamu isiyojua jibu hilo ni vigumu kuanza hata ukurasa wake wa kwanza.

Lakini kwenye suala la sura za watu bado nambishia, kwa sababu nimeona filamu iliyoweza yote mawili. The Battle of Algiers, ya mwaka 1966, kuhusu Waalgeria waliopigana na Wafaransa jijini Algiers, haifichi iko upande gani. Saadi Yacef, aliyekuwa kiongozi wa wapiganaji wa mji huo, anaigiza humo mwenyewe. Hata hivyo, wanawake watatu wanapoingiza mabomu kwenye mtaa wa Wazungu, kamera haikimbii. Inakaa mkahawani, inapita polepole kwenye nyuso: vijana wanaocheza dansi, mtoto anayelamba aiskrimu. Wewe unajua. Aliyeleta bomu anajua pia, na macho yake yanapita kwenye nyuso hizohizo kabla hajatoka nje. Hapo ndipo nilipopata kipimo changu, na ni changu tu, simlazimishi mtu: je, filamu inaniruhusu kumwona mtu kabla hajauawa, hata akiwa adui? Kipimo hicho hakimkatazi mtengenezaji kuchagua upande.

Wanaozichukia filamu za vita watasema kipimo changu ni cha kujifariji. Hoja yao ni kwamba hata filamu inayolaani vita huvipamba, kwa sababu moto unapendeza machoni na muziki unapandisha damu. François Truffaut, mtengenezaji filamu wa Ufaransa, alikuwa na shaka ya namna hiyo. Na filamu ikishatoka haimsikilizi tena aliyeitengeneza. Mwaka 2003 wizara ya ulinzi ya Marekani iliionyesha ileile ya Algiers kwa watu wake, Irak ikiwa imeshavamiwa, ili wajifunze kutoka kwa Wafaransa walioshindwa.

Hapa nina ushahidi wa nyumbani. First Blood, Rambo ya kwanza ya mwaka 1982, ina maiti mmoja tu, naye anakufa kwa kuanguka kutoka helikopta. Mwishoni Rambo anakaa chini na kulia mbele ya kanali wake. Nani kati yetu anakumbuka kilio hicho? Sisi wa vibanda vya video vya Katuba, hapa Lubumbashi, tulitoka na kisu na kitambaa cha kichwani. Aprili 1997, kadogo, wale askari watoto wa Kabila, walipoingia mjini na mabuti yao ya mpira, bunduki zikiwazidi kimo, tuliwazunguka kwa husuda. Walikuwa wa rika letu. Mmoja wetu akamuuliza kadogo kama anajua kupiga kama Rambo. Yule mtoto akauliza nyumbani kwetu wamepika nini.

Kwa hiyo hoja yao naikubali nusu. Nusu nyingine siikubali, kwa sababu ya Come and See, filamu ya Kisovieti ya mwaka 1985 kuhusu mvulana wa Belarus aliyefurahi kuokota bunduki. Uso wake unazeeka mbele yako, kijiji baada ya kijiji. Sijaona mtu anayetoka hapo akitaka kuwa yeye.

Na kwa sababu ya Rebelle, ya mwaka 2012. Mkanada Kim Nguyen alikuja kuipigia Kinshasa, na msichana aliyemchagua, Rachel Mwanza, alikuwa ameishi mitaani katika jiji hilohilo. Berlin walimpa Dubu wa Fedha kama mwigizaji bora wa kike. Anacheza Komona, mtoto wa miaka 12 aliyetekwa na waasi, anayemsimulia mtoto aliye tumboni mwake yote yaliyompata. Nchi haitajwi, jambo ambalo linaniudhi kidogo: safari hii udongo ni wetu, jina ndilo limefichwa. Lakini katikati ya vita hivyo kuna kijana anayempenda Komona, naye Komona anamwambia akitaka kumuoa amletee kwanza jogoo mweupe. Basi filamu inaacha risasi, inamfuata kijana kijiji hadi kijiji akiuliza kuku. Watu wanamcheka. Filamu inayojua kwamba askari mtoto anaweza kupoteza siku nzima akitafuta jogoo imewaelewa kadogo kuliko ripoti nyingi nilizosoma.

Lumumba ya Peck naiweka karibu na hiyo, ingawa wapenzi wa mizinga watalalamika kwamba vita vyenyewe havionekani sana. Inaanza usiku, Wabelgiji wawili wakihangaika kuziteketeza maiti. Waliouawa tarehe 17 Januari 1961 porini karibu na mji wetu walikuwa watatu, Lumumba na wenzake Mpolo na Okito, na kilichorudishwa nchini Juni 2022 kilikuwa jino moja la Lumumba. Peck anaionyesha ile kazi ya usiku kama kibarua kingine chochote. Bunduki ishirini hazingenitisha kiasi hicho.

Binti wa shangazi yangu, aliyekuja kwetu kutoka Goma baada ya mapigano ya Januari 2025, hatazami filamu za vita za aina yoyote. Jioni ile alikuwa akipita sebuleni na vyombo, macho chini. Alisimama mara moja tu, nilipokuwa nikimweleza mjomba habari ya maji: kwamba helikopta ya Umoja wa Mataifa ilifanikiwa kuwafikia wale Waayalandi, lakini maji yaliletwa kwenye bidoni zilizokuwa na mafuta, hayakunyweka. Akaketi ukingoni mwa kiti. Goma nako maji na umeme vilikatika, na watu wakashuka ziwani na bidoni, mabomu au hakuna mabomu.

“Hiyo ndiyo wangeonyesha,” alisema. “Filamu nzima ya bidoni.”

Kwenye televisheni risasi zikarudi, naye akaondoka.

Mjomba alikuwa kimya muda mrefu, nikadhani amesinzia. Halafu akasema, “Rudisha nyuma kidogo.” Nikarudisha hadi kwenye ndege. “Hapana. Pale wanapotoka kwenye majani.” Tulirudi pale mara tatu. Kaka yake mkubwa alikuwa askari wa Katanga mwaka ule. Alirudi nyumbani mwezi Oktoba, akaingia kazi ya mgodi hadi kustaafu, na hakuwahi kusema Septemba ile alikuwa wapi.

“Huyo wa kushoto,” mjomba alisema, akisogea mbele na goti lake bovu. “Mwangalie anavyokimbia.”

Nikasimamisha picha. Ilionekana kofia, bega moja, na majani.