Jogoo la Shamba Las Vegas

Jogoo mmoja wa bodi ya kielektroniki ana taa 4, rezista 4 za omu 220, kapasita 1, chipu 1 ya ATtiny85 na pini 6. Mimi nilitengeneza majogoo 60. Zidisha mwenyewe, nikizidisha mimi, vidole vinaanza kuuma upya.

Kwa ambaye hajawahi kufika, DEF CON ni mkutano wa wadukuzi unaofanyika Las Vegas tangu 1993, siku hizi mwezi Agosti, wakati nje nyuzi 40 ni jambo la kawaida na ndani kiyoyozi kinakutetemesha. Pale beji si karatasi ya jina. Mwaka 2006 Joe Grand alibuni ya kwanza ya kielektroniki, na baada ya hapo watu wakaanza kutengeneza zao za pembeni. Beji nazo zikazaa watoto wanaoitwa SAO: vibodi vidogo vya kuchomeka kwenye beji ya mtu. Mwanzoni vilikuwa na pini 4, sasa ni 6: umeme wa volti 3.3, ardhi, SDA na SCL za mawasiliano, na GPIO mbili za kazi yoyote. Unakutana na mtu ukumbini, unampa chako, anakupa chake, mnaendelea na safari. Mkono mtupu haulambwi. Ndiyo maana nikachora jogoo.

Mchoro ulikuwa mzuri, nasema bila haya. Mkia wa manyoya matatu ya shaba isiyofunikwa rangi, kishungi chenye taa tatu nyekundu, jicho taa moja. Kwa omu 220 kila taa inakula karibu miliampea 6, kwa hiyo jogoo mzima hamalizi betri ya mwenyeji wake. Ukila kwa watu, kula kwa adabu. SDA, SCL na zile GPIO sikuziunganisha na kitu. Jogoo alihitaji umeme na ardhi tu.

Nikaukagua mchoro mara tatu kabla ya kuagiza bodi. Mara ya kwanza nilifuata kila waya kwa kidole kwenye skrini. Mara ya pili niliiachia KiCad, programu ya kuchorea bodi, ifanye ukaguzi wake wa kanuni, ikaniletea makosa sifuri. Mara ya tatu, kusema kweli, nilikuwa nautazama mkia. Nikajipongeza kwa kuandika upande wa nyuma wa bodi, kwa herufi nyeupe kubwa: IMEKAGULIWA MARA 3.

Bodi zilipofika nikaingia kiwandani, yaani mezani. Unapaka risasi ya kulehemu iliyo kama uji kupitia kibati chenye matundu, unapanga vipande kwa kibano, unaweka bodi kwenye sahani ya moto. Risasi ya kulehemu yenye madini ya risasi na bati huyeyuka nyuzi 183, na pale ndipo raha ilipo: uji wa kijivu unang'aa ghafla kama kioo na kila kipande kinajivuta mahali pake. Isipokuwa ukipaka uji mwingi upande mmoja. Hapo upande mmoja unayeyuka kwanza, unavuta, na rezista inasimama kwa mguu mmoja kama korongo. Kundi la kwanza nilipata makorongo saba.

Pini unaziacha mwisho. Plastiki yake haipendi sahani ya moto, na zikishalehemiwa bodi hailali tena. Hivyo majogoo nikayajaribu bila pini, kwa kugusisha waya mbili penye maandishi ya VCC na GND, yaani umeme na ardhi. Mawili yalikuwa na taa zilizogeuzwa, nikazirekebisha. Sitini kati ya sitini yakawaka. Usiku wa kuamkia safari nikalehemu pini: sita mara sitini, vituo 360, nyuma ya kila bodi. Nilitumia pini tupu badala ya zile zenye kiboksi na mkato unaozuia kuchomeka vibaya. Zenye kiboksi ni ghali kidogo, na nani atachomeka vibaya?

Chuma cha kulehemu nikakiweka kwenye sanduku, betri za lithiamu nikapanda nazo mkononi kama sheria za ndege zinavyotaka, fedha taslimu za mlangoni mfukoni. Safari haikuwa na neno. Foleni ya beji ilikuwa ndefu kiasi kwamba ina jina lake, LineCon, na watu huifurahia kama shughuli mojawapo ya mkutano. Mimi niliifurahia saa ya kwanza.

Chumbani mwenzangu akatoa beji yake, kazi ya mikono yake, tundu la SAO linang'aa pembeni. Nikamchomekea jogoo wa kwanza kwa heshima zote.

Giza.

Nikabadilisha jogoo. Giza. La tatu, giza vilevile. Mwenzangu akaegemea mto akasema taratibu, "Ndugu yangu, jogoo la shamba haliwiki mjini."

Hapo akili ilipaswa kufanya kazi. Badala yake nikamchomoa jogoo, nikampindua kichwa chini miguu juu, nikamchomeka tena. Ile mikato ya kwenye viboksi, niliyoona ni anasa, kazi yake ni kuzuia jambo hilihili. Taa za beji ya mwenzangu zikafifia, chumba kikanukia plastiki, nami nikaikamata ATtiny kwa kidole ili nijue kama ina joto. Ina joto. Alama yake bado ninayo, umbo dogo lenye pembe nne.

"Toa hiyo kitu kwenye beji yangu," akasema. Ule undugu ulishakwisha.

Beji ilipona. Sisi tukakaa na mita hadi saa nane usiku kutafuta mchawi, na mchawi alikuwa kitufe kimoja. Umbo la pini kwenye maktaba limechorwa kama unavyoliona upande pini zilipo. Jogoo anatazama mbele, pini zinakaa nyuma, kwa hiyo umbo lazima uligeuze liende nyuma kwa kubonyeza F. Sikubonyeza. Safu ya umeme na ardhi, iliyotakiwa kuwa kushoto, ikawa kulia, mahali pa GPIO. Ukichomeka wima, jogoo hapati kitu. Ukipindua, umeme unaingia kwenye ardhi na ardhi kwenye umeme. Ni kiatu cha kulia mguu wa kushoto: hakuna namna ya kukizungusha kikakaa. Programu haikuona kosa kwa sababu kila waya imefika kwenye pini yenye namba yake. Na jaribio langu nyumbani lilifuata maandishi ya VCC na GND, ambayo yalikuwa sahihi kabisa.

Asubuhi nikabeba majogoo hadi kwenye meza za kulehemu, maana miongoni mwa vijiji vya DEF CON, yaani sehemu za fani mbalimbali, kuna penye vyuma vya moto na watu wa kukusaidia. Nikaanza kung'oa pini kwa utepe wa shaba wa kunyonya risasi. Pini tano zinakubali. Ya sita, ya ardhi, imeshikana na shaba ya bodi nzima, na hiyo shaba inalinyonya joto lote. Unakandamiza chuma, unasubiri, unakandamiza zaidi, na kituo kinabanduka na pini. Nikaua majogoo tisa namna hiyo kabla dada mmoja wa meza ya pili hajashindwa kuvumilia.

"Usizing'oe pamoja," akasema. Akachukua mkasi wa waya, akaikata ile plastiki nyeusi vipande sita, akaongeza risasi mbichi kidogo kwenye kila kituo, kisha akazitoa pini mojamoja kwa kibano. Dakika nne, bodi safi. Akaigeuza, akaiona namna mistari ilivyokaa, akacheka kimoyomoyo.

"Uliichapisha kwenye karatasi?"

Hapana. Ukaguzi wenyewe ndio huo: unachapisha mchoro kwa ukubwa wake halisi, unaubandika kwenye kadibodi, unatoboa pini, unaiweka juu ya beji. Karatasi moja.

"Basi weka pini mbele," akasema. "Zitalingana."

"Mbele kuna jogoo."

"Najua."

Akafungua droo, akanipa mistari minne ya pini, kila mmoja safu 40 za pini mbilimbili. Unavunja safu tatutatu, mstari unatoa seti 13 na safu moja ya kutupa, jumla 52. Majogoo yaliyobaki hai yalikuwa 50, ukitoa tisa wangu na yule wa usiku. Pini zikaingia kupitia kifua cha jogoo, na ulipochomeka, mambo yalilingana sawasawa: taa zote nne zikawaka. Kwa ndani. Jogoo aliipa dunia kisogo akamtazama mwenye beji kifuani, mkia wangu wa shaba hauonekani na mtu yeyote, kilichobaki ni ubao mweusi wenye mwanga mwekundu unaovuja pembeni kama jiko chini ya mlango. Na katikati, kwa herufi nyeupe kubwa: IMEKAGULIWA MARA 3.

Sikuwa na nguvu ya kueleza. Nikampa mtu wa kwanza, akasoma, akakichungulia kwa pembeni, akamwona jogoo, akaziona pini zimetoka mahali pasipo pake. Alikuwa mtu wa fani; alielewa kila kitu kwa sekunde tatu. Akaita wenzake. Hadi Jumamosi jioni sikuwa na hata mmoja, na kuna mtu alinipa SAO ya skrini ndogo, kazi ya miezi, kwa sababu naye kwake kuna bodi 200 alizozikosea hivyohivyo na hakuwahi kumwambia mtu. Mwenzangu wa chumbani akalichukua moja la mwisho, akalivaa ndani ya ndege hadi nyumbani.

Mwaka uliofuata, kabla ya kutuma agizo, nilibonyeza F. Kisha, kwa kuwa sikuwa na hakika kama nimebonyeza, nikabonyeza tena.