Filamu isiyoisha na filamu iliyokatwa: ninavyoitetea Catching Fire

Kati ya malalamiko yote ninayoyasikia hapa Moshi kuhusu filamu za vijana zinazosimulia nchi za kubuni zinazotawaliwa kwa mabavu, hakuna linalorudiwa mara nyingi kama lile linaloelekezwa kwa The Hunger Games: Catching Fire, kwamba haina mwisho. Filamu hiyo ilitoka Novemba 2013, ikiwa sehemu ya pili ya hadithi ambayo mwandishi wa Marekani, Suzanne Collins, aliianza katika kitabu cha mwaka 2008, na mpaka leo ingali inazunguka kwenye flashi na katika vibanda vya video vya Pasua, Majengo na Njoro, wachache wakiitazama kwa Kiingereza chake na wengi wakiitazama kwa sauti ya mtafsiri. Vijana ambao walikuwa hawajaanza shule ilipotoka ndio wanaobishana juu yake sasa. Nimewasikiliza kwa makini, kwa sababu mtu aliyelipa kiingilio na kukaa kwenye benchi zaidi ya saa mbili ana haki ya kusikilizwa, na nimeona kwamba katika lalamiko hilo moja tumechanganya mambo mawili. Ipo hadithi inayoachwa wazi kwa sababu mambo yenyewe hayajafungika, na ipo hadithi inayokatwa katikati ili tiketi ziuzwe mara mbili. Catching Fire ni ya aina ya kwanza, na walioikataa kwa sababu ya mwisho wake nadhani wameionea.

Kwa asiyeijua, nchi ya Panem inatawaliwa na mji wa Capitol, na kila mwaka kila wilaya inatakiwa kutoa mvulana mmoja na msichana mmoja, wenye umri kati ya miaka 12 na 18, waende kuuana mbele ya kamera mpaka abaki mmoja. Katika sehemu ya kwanza Katniss Everdeen na Peeta Mellark, watoto wa Wilaya ya 12 inayochimba makaa ya mawe, walikuwa tayari kula matunda yenye sumu kwa pamoja kuliko mmoja kumuua mwenzake, na serikali ikalazimika kuwaacha hai wote wawili. Sehemu ya pili inaanzia kwenye gharama ya ushindi huo. Rais Snow anafika mwenyewe nyumbani kwa Katniss na kumweleza kwamba matunda yale yameamsha watu katika wilaya, na kwamba ni juu yake sasa kuithibitishia nchi nzima kuwa alichofanya alikifanya kwa mapenzi tu wala si kwa ukaidi, la sivyo anaowapenda watalipa.

Hapo ndipo manung'uniko yanapoanza kibandani. Inapita zaidi ya saa moja kabla mtu yeyote hajaingizwa uwanjani, na mtazamaji aliyezoea kuona ngumi zikirushwa mapema huanza kuchezea simu. Siwalaumu, kwa sababu kibanda cha video kimelelewa na filamu za mapigano, na kanuni inayofahamika na kila mtu mle ndani ni kwamba steringi hafi na adui hupigwa mwishoni. Hata hivyo, saa hiyo ya kwanza ndiyo ninayoiona kuwa bora kuliko yote, na ndani yake kuna tukio moja ambalo ningependa kila anayesema filamu imechelewa kuanza alitazame tena.

Katniss na Peeta wanapelekwa katika ziara ya ushindi, na kituo kimoja ni Wilaya ya 11, wilaya ya wakulima, alikotoka Rue, mtoto aliyefia mikononi mwa Katniss katika sehemu ya kwanza. Familia ya Rue imesimamishwa mbele ya uwanja, chini ya picha kubwa ya marehemu. Washindi wamepewa maneno ya kusoma kwenye karatasi, lakini Peeta anaiacha karatasi na kuahidi sehemu ya zawadi yao kwa familia za waliokufa, kisha Katniss, ambaye hakutaka kusema kitu, anaanza kumzungumzia mtoto yule. Anapomaliza, mzee mmoja katikati ya umati anapiga mluzi, ule mluzi mfupi ambao Rue alikuwa akiutumia, na kuinua vidole vitatu, ishara ya heshima tuliyoiona katika sehemu ya kwanza. Umati mzima unainua vidole. Askari wanamkokota mzee yule mpaka jukwaani, wanampigisha magoti na kumpiga risasi, huku Katniss akivutwa ndani na milango ikifungwa mbele ya macho yake.

Nililitazama tukio hilo katika kibanda kimoja cha Pasua, na mtafsiri, ambaye tangu mwanzo hakuwa ameacha hata pumzi ya kupumzikia, alinyamaza. Ilibaki sauti ya sabufa peke yake. Mbele kidogo filamu inaonyesha karamu ya Capitol ambamo wageni wanapewa kinywaji cha kuwatapisha ili wapate nafasi ya kula tena, na mzee mmoja aliyekaa nyuma yangu, mkulima wa kahawa kutoka Kibosho, akasema taratibu, "Hawa wanalima, wenzao wanakula mpaka wanatapika." Katika mji ambao kahawa ya nchi imekuwa ikipigwa mnada miaka nenda miaka rudi, na ambamo mkulima anaweza kupita mbele ya mgahawa asioweza kumudu kikombe cha kahawa aliyoilima mwenyewe, maneno yale hayakuhitaji ufafanuzi. Mzee yule hakuona kwamba filamu imechelewa kuanza. Kwake ilikuwa imeanza zamani.

Wala si Moshi peke yake. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Mei 2014 nchini Thailand, waandamanaji mjini Bangkok waliinua vidole vitatu barabarani, watawala wakawakamata baadhi yao, na ilipofika Novemba mwaka huo kumbi kadhaa za mji huo zilifuta maonyesho ya sehemu iliyofuata. Watu hawakuichukua ishara hiyo kwenye mapigano ya uwanjani. Ilizaliwa katika sehemu ya kwanza, lakini ni saa hii inayoitwa ya kuchosha iliyoonyesha kwamba kuinua vidole kunaweza kumgharimu mtu maisha, na ishara isiyo na gharama haiwezi kumtisha mtawala.

Wengine husema kwamba uwanja wenyewe ni marudio: watoto waliuana mwaka jana, sasa tunarudishwa kulekule. Ni kweli kwamba umbo ni lilelile, lakini waliomo wamebadilika, na hilo linabadilisha kila kitu. Haya ni mashindano ya 75, na kwa amri maalumu washiriki wanachaguliwa kutoka miongoni mwa washindi wa zamani, watu walioahidiwa kwamba wakishashinda mara moja hawataguswa tena maisha yao yote. Wanajuana, wengine wamezeeka, wengine wameharibiwa na ulevi na dawa, na usiku wa kutambulishwa wanashikana mikono wote 24 jukwaani mbele ya taifa, jambo ambalo watoto wa sehemu ya kwanza wasingeweza hata kulifikiria. Mags, bibi kizee ambaye karibu hasemi, amejitolea kwenda badala ya msichana aliyetajwa. Uwanjani, ukungu wa sumu unapowafukuza, na Finnick, kijana mshindi wa wilaya moja na Mags, hawezi kumbeba yeye na Peeta kwa pamoja, Mags anambusu Finnick na kutembea mwenyewe kuuelekea ukungu. Binti mmoja wa kidato cha nne aliniambia kwamba kwake steringi wa filamu ni bibi yule, na wenzake wakamcheka kwa sababu steringi hafi. Naona yeye ndiye aliyeielewa filamu, maana hadithi nzima inahoji kanuni hiyohiyo ya kwamba wa maana ni yule anayebaki hai.

Kuhusu ubishi wa Peeta na Gale, rafiki wa Katniss wa huko nyumbani, nani anamfaa Katniss, sina la kuongeza. Unawafurahisha wanaoubishania, na filamu yenyewe inaujali kidogo tu.

Mwisho ndio unaohitaji maneno zaidi. Katniss anafunga waya kwenye mshale na kuurusha kwenye kuba la uwanja wakati radi inapopiga, uwanja unapasuka, naye anazinduka ndani ya ndege na kukuta watu aliowadhania kuwa maadui na marafiki wa muda walikuwa na mpango mkubwa ambao hakuambiwa. Peeta amekamatwa na Capitol. Gale anamweleza kwamba mama yake na mdogo wake wako salama, lakini Wilaya ya 12 haipo tena. Kamera inabaki juu ya uso wa Jennifer Lawrence, anayemwigiza Katniss, kilio kinakauka polepole na macho yanakuwa ya mtu mwingine, kisha filamu inakatika. Taa zilipowashwa kibandani, kijana aliyekaa kando yangu aliniuliza, kwa uchungu wa kweli, "Kaka, sasa mwisho uko wapi?" Nikamjibu, "Mdogo wangu, umeshauona." Hakuridhika, na jibu lile lilikuwa fupi mno kwa swali lake.

Ningemjibu hivi kama tungekuwa na nafasi. Filamu imetuuliza swali moja tangu Rais Snow alipoketi kwenye kiti nyumbani kwa Katniss: je, mtu anaweza kuwaokoa walio wake kwa kutii? Katniss amejaribu. Amesoma karatasi alizopewa, ameigiza mapenzi, amekubali kuchumbiwa mbele ya kamera, na mwishoni nyumbani kwao kumeteketezwa. Swali limejibiwa, na jibu ni hapana. Vita vinavyofuata ni swali jingine, linalostahili filamu nyingine. Isitoshe, tumekuwa pamoja naye muda wote, hatukujua zaidi ya alichokijua yeye, na kama mambo yangefungwa vizuri kwa dakika kumi za maelezo tungekuwa tumepewa utulivu ambao yeye hajaupata. Kukatika kule ghafla ni kwake kwanza, halafu ni kwetu.

Ndiyo maana naumia kidogo ninaposikia mtafsiri akijaza sekunde zile za mwisho kwa kutuambia kwamba sasa steringi amekasirika na atarudi kulipiza kisasi. Nawaheshimu sana watafsiri, kwa sababu bila wao mzee wa Kibosho asingeifikia hadithi hii kabisa, na kazi ya kusema sauti za watu 20 kwa kinywa kimoja ni kipaji. Lakini pale hakuna neno lililosemwa, na uso ule unasema mambo zaidi ya kisasi: umo msiba, umo kusalitiwa na rafiki zake, kimo hata kitu kinachofanana na kuelewa. Aliyenyamaza kwa mzee wa Wilaya ya 11 angeweza kunyamaza na hapa.

Sasa nirudi kwa waliokasirika, kwa sababu hasira yao ina mahali pake halali. Mockingjay, kitabu cha tatu kilichotoka mwaka 2010, ni kitabu kimoja, lakini kilifanywa filamu mbili, moja ya 2014 na nyingine ya 2015. Ilikuwa imeshakuwa desturi: kitabu cha mwisho cha Harry Potter kilikatwa vivyo hivyo mwaka 2010 na 2011, na cha Twilight mwaka 2011 na 2012. Nusu ya kwanza ya Mockingjay ina mambo mazuri, lakini muda mwingi watu wamo ndani ya handaki wakisubiri, na inasimama mahali ambapo hakuna swali lililojibiwa, Peeta akiwa amefungwa kitandani na Katniss akimtazama kupitia kioo. Huko ndiko kukatwa.

Watazamaji walijibu kwa miguu yao. Catching Fire iliingiza zaidi ya dola milioni 860 duniani, nusu ya kwanza ya Mockingjay ikashuka hadi takriban milioni 755, na nusu ya pili, ambayo ndiyo ilikuwa na mwisho uliosubiriwa miaka miwili, ikashuka zaidi ya hapo. Fedha peke yake haithibitishi ubora, lakini hapa inakubaliana na malalamiko ya Pasua. Na kuna mfano mchungu zaidi: mfululizo wa Divergent, ulioanza mwaka 2014, uliamua nao kukata kitabu chake cha mwisho, nusu ya kwanza, Allegiant, ikatoka mwaka 2016 na kukosa watu, na nusu ya pili haikutengenezwa kabisa. Waliofuatilia hadithi ile kwa uaminifu hawajaonyeshwa mwisho wake kwenye sinema mpaka leo. Mwaka 2023 Francis Lawrence, aliyeongoza Catching Fire na nusu zote mbili za Mockingjay, alisema hadharani kwamba anajutia kukigawa kitabu kile. Namheshimu kwa kusema hivyo, maana watazamaji walikuwa wamelisema mapema.

Kwa hiyo nawaomba wenye vibanda jambo moja linalowezekana. Nusu ya kwanza ya Mockingjay ina dakika 123 na ya pili ina dakika 137, jumla ni saa nne na dakika 20. Ziwekeni siku ya Jumapili, moja baada ya nyingine, kwa kiingilio kimoja, na katikati watu wapewe muda wa kunyoosha miguu na kununua karanga. Catching Fire ionyesheni peke yake, siku nyingine.