Redmond au Kent: mgeni apange wapi?

Mdogo wangu anakuja Marekani mwezi ujao na mkewe na watoto wawili. Kazi ameshapata, kwenye nyumba ya kulelea wazee mjini Redmond, jimbo la Washington, ng'ambo ya ziwa ukitokea Seattle. Kaniuliza swali ambalo Waswahili wengi huku huanza nalo: "Kaka, tupange hapo hapo karibu na kazi, au tuje kwenu Kent?"

Jibu la mtaani ni jepesi. Redmond ni ya watu wa kompyuta. Microsoft ilihamia pale mwaka 1986, na leo chumba na sebule kwa kawaida hupita dola 2,000 kwa mwezi. Kent, huku kusini kwenye maghala, hela hiyo hiyo ukitafuta kwa subira hukupatia vyumba viwili. Nimewajibu hivyo watu wengi. Siku hizi nasita, na kinachonisitisha si kodi. Ni zile saa baada ya kutoka kazini.

Anayedhani mji wa matajiri una starehe za matajiri tu hajafika Marymoor. Ni bustani ya kaunti pale pale Redmond, yenye hekta 259 hivi, na hakuna geti la tiketi. Unalipia kuegesha gari tu. Kiangazi Wahindi wa makampuni ya kompyuta hucheza kriketi humo. Kuna hekta kama 16 za mbwa kukimbia bila kamba (nilipoambiwa zote ni za mbwa nilidhani nataniwa). Kando ya mto Sammamish kuna njia ya baiskeli inayoungana na nyingine mpaka Seattle. Tangu Mei 2025 treni ya umeme inasimama jirani na bustani, na mtoto wa miaka 18 kushuka chini halipi nauli, utaratibu ulioanza Septemba 2022. Maktaba za kaunti nazo hutoa kadi bure.

Tena kuna Crossroads, jengo la maduka upande wa Bellevue. Ndani wamechora sataranji sakafuni, kete zake zinamfika mtoto kiunoni. Nilikaa pale saa mbili na kikombe kimoja cha chai, hakuna aliyenifukuza. Mzee mmoja alikuwa akicheza na kijana wa shule, anasukuma farasi wake kwa mguu. Kijana alipoondoka, mzee akaninyooshea kidole niingie. Mimi mtu wa bao, nikatikisa kichwa. Akacheka, akaanza kunifundisha kwa ishara. Mahali pa namna hiyo, katika mji ambao hata kununua sabuni unakatwa kodi ya zaidi ya asilimia 10, ni neema.

Lakini neema hizo zina ratiba, na ratiba imepangwa na anayetoka ofisini saa kumi na moja akiwa na Jumamosi yake mkononi. Sisi wa kulea wazee tunaingia saa moja, tunatoka saa moja. Desemba jua linachomoza saa mbili kasorobo hivi asubuhi na kuzama saa kumi na dakika ishirini jioni. Unaingia gizani, unatoka gizani, na bustani huioni kwa wiki nzima. Watu hulaumu mvua, ila kwa vipimo vya mwaka, milimita 1,000 hivi, haiishindi ya Dar es Salaam. Tofauti ni kwamba ya Dar inamwaga ikamaliza. Hii ni manyunyu yasiyokwisha, kuanzia Oktoba mpaka umesahau kivuli chako.

Halafu watoto. Bustani ni bure, ila mpira wa klabu unalipiwa, na kuteleza kwenye theluji kunalipiwa zaidi. Mtoto akiulizwa darasani likizo alikwenda wapi, mzazi ndiye anayeumia.

Na upweke je? Jirani wa Redmond atakutabasamia miaka mitatu bila kukujua jina. Kumtembelea mtu ni miadi ya wiki mbili. Neno hodi halina kazi. Kent, Jumapili baada ya ibada ya Kiswahili, pilau hutoka kwenye masufuria makubwa, watoto wanapiga mpira bila kujiandikisha popote, na mwenye unga wa sembe hugawana na asiye nao. Wala Kent si jangwa: kuna njia ya mto Green, kuna ufukwe wa ziwa Meridian, na kadi ya maktaba ni ile ile ya kaunti. Wanaoisifu Redmond kwa bustani husahau hilo.

Wanaoisifu Kent nao husahau barabara. Kwenda Redmond ni zaidi ya kilomita 30 kupitia I-405, na asubuhi unaweza kumaliza saa nzima nyuma ya taa nyekundu za wenzako. Jioni hivyo hivyo. Hizo saa mbili ndizo ungekuwa na wanao ziwani Juni, jua linapozama saa tatu na dakika kumi usiku. Ukipata nyumba kubwa usiyoshinda ndani, umelipia vyumba vya kulala tu.

Kwa mwenye zamu ya mchana, mimi ningesema Redmond, chumba kidogo, na Jumapili aje Kent kwenye pilau. Kwa hiyo nilimwambia mdogo wangu aulize zamu kabla ya kuulizia nyumba.

Jana kajibu: usiku, siku nne kwa wiki. Asubuhi foleni inaelekea kaskazini, yeye atakuwa anarudi kusini. Nimeanza kumtafutia Panther Lake, mtaa wa huku huku Kent, karibu na maktaba, maana mkewe bado hana leseni ya udereva.