Kubadili anwani za ruta ya nyumbani si mbwembwe

Mafundi wengi wanaofunga intaneti majumbani hapa Arusha huiacha ruta na anwani ilizotoka nazo kiwandani, 192.168.0.0 au 192.168.1.0. Hoja yao ina uzito. Ruta ikisumbua, fundi yeyote atakayekuja ataandika 192.168.1.1 na kuingia. Usalama nao hauongezeki kwa kubadili namba: aliyekwisha kuingia kwenye Wi-Fi yako ataziona tu.

Lakini siku hizi nyumba nyingi ni ofisi. Chukua mfanyakazi wa kampuni ya utalii anayekaa Njiro, anamalizia ratiba za wageni usiku kwa VPN, njia ya faragha inayomuunganisha na mtandao wa ofisi kupitia intaneti. Faili ziko kwenye seva ya ofisini, 192.168.1.20. Nyumbani kwake nako ni 192.168.1.0, yaani anwani zote zinazoanza na 192.168.1. VPN inaonyesha imeunganika, faili hazifunguki. Kompyuta ikiiona 192.168.1.20, mara nyingi huichukulia kuwa iko humohumo ndani. Inaitafuta sebuleni, na pakiti, yaani vipande vya data, haziingii kwenye VPN. Pengine namba hiyo ni ya printa yake mwenyewe! Atalaumu mtandao, atanunua kifurushi kikubwa zaidi, na tatizo litabaki palepale.

Nafasi ya kuepuka mgongano huu ipo tele. Waraka wa RFC 1918 wa mwaka 1996, mmoja wa nyaraka za taratibu za intaneti, ulitenga mafungu matatu kwa mitandao ya ndani, na ukashauri kwa mkazo kuchagua humo bila mpangilio. Fungu dogo kuliko yote, la anwani zinazoanza na 192.168, lina mitandao 256 ya ukubwa wa nyumbani, kila mmoja wa vifaa 254. Fungu la 10 lina mitandao 65,536 ya aina hiyo. Kote huko kweupe, nasi tumesongamana kwenye miwili!

Basi chagua kitu kama 10.73.18.0 chenye maski (namba inayoweka ukubwa wa mtandao) ya 255.255.255.0. Usijitwalie fungu zima la 10, maana utagongana na kila ofisi inayolitumia. Anayetumia Docker, zana ya watengeneza programu yenye mtandao wake wa ndani, aikwepe 172.17.0.0, kwani ndiyo Docker inayoanza nayo.

Nyumba yenye simu na televisheni tu haina haja ya haya. Wengine wabadili siku ileile ruta inapofungwa, kabla kamera na printa hazijapewa anwani za kudumu, na namba mpya ibandikwe chini ya ruta kwa ajili ya fundi anayefuata.